Sinema za Utoto Wetu: Tulikumbuka Bunduki, Tukasahau Daftari



Kwa muziki wa zamani tunalo jina zuri: zilipendwa. Redio ikipiga wimbo wa enzi zile, mzee huacha jembe kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Hizo ndizo nyimbo bwana, siyo hizi za siku hizi."

Sinema nazo zina zilipendwa zake. Kaa na watu wa miaka sitini kwenda juu, uwaulize sinema walizoziona utotoni. Mmoja atakutajia Awara, ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951. Mwingine atakutajia Sholay ya mwaka 1975. Wa tatu atasimama na kukuonyesha mateke ya Bruce Lee. Wote watacheka. Kisha watabishana, kwa sababu kila mmoja anaikumbuka sinema ile ile kwa namna yake.

Kwa nini wanabishana? Somo letu la leo linatoka hapo. Tutajifunza mambo manne:

1. Sinema zilivyofika kwetu.
2. Picha ya sinema inavyotembea.
3. Kwa nini kumbukumbu ya utotoni ni tamu, na kwa nini wakati mwingine ina upungufu.
4. Namna ya kuandika kumbukumbu hizo kabla hazijapotea.

SEHEMU YA KWANZA: SINEMA ZILIVYOFIKA KWETU

Katika miji ya pwani sinema ni jambo la zamani. Unguja, jengo la Royal Cinema lilifunguliwa mwaka 1921. Mahali pake baadaye pakawa na sinema ya Majestic. Tanga palikuwa na Majestic nyingine, na Regal, na Novelty. Dar es Salaam ilikuwa na majumba mengi kama vile Avalon, Empire na Odeon. Mwaka 1966 ikafunguliwa pia sinema ya wazi, ambapo mtu alitazama huku amekaa ndani ya gari lake.

Huko vijijini hatukuwa na majumba. Sisi tuliletewa sinema na gari. Ilikuwa Land Rover yenye mashine ya sinema, jenereta, kipaza sauti na kitambaa kikubwa cheupe. Gari likiingia saa kumi jioni, kijiji kizima kilijua. Watoto tulilikimbilia kwa nyuma tukila vumbi. Usiku ukiingia, kitambaa kilifungwa kati ya miti miwili au ukutani kwa ghala. Waliochelewa walikaa upande wa nyuma wa kitambaa. Huko nako picha ilionekana, ila maandishi yalikuwa kinyume. Wakati huo hilo halikutusumbua, kwa kuwa wengi wetu hatukujua kuyasoma.

Sinema za vijijini hazikuanza jana. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kambi ya kutengeneza sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, karibu na Korogwe. Kazi hiyo ilidumu hadi mwaka 1937. Walitengeneza sinema fupi kama 35, wakazungusha nyingine Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walioigiza walikuwa watu wa kwetu. Sinema zilihusu kilimo, kodi, minyoo ya safura, na kuweka akiba posta. Yaani mtawala alikuwa na jambo la kuwaambia watu, akaona picha itasema haraka kuliko karatasi.

Mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu. Hii inasimulia habari za mtu wa shamba aliyekwenda mjini akatapeliwa. Aliyeigiza ndani yake kama mtu mkuu alikuwa kijana mmoja anayeitwa Rashidi Kawawa. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Kwa hiyo wako wazee waliomjua Kawawa kwanza kwenye kitambaa cheupe, ndipo baadaye wakamjua kwenye siasa.

Hapa nieleze jambo moja. Maofisa wa kikoloni walipenda kusimulia hadithi hii: ati kijiji fulani kilionyeshwa sinema ya mbu, na mbu akaonekana mkubwa kwenye kitambaa kama kuku. Ati wanakijiji wakasema, "Sisi hatuna shida, mbu wa kwetu ni wadogo." Hadithi hiyo hiyo imesimuliwa juu ya nchi nyingi za Afrika, kila mara ni "kijiji fulani". Wanakijiji wenyewe hawakuulizwa walisema nini. Huenda mtu alitania, na mgeni asijue utani. Shika hapo, kwani tutarudi: kumbukumbu ya sinema ikiandikwa na mtu mmoja tu, wengine hubaki wajinga ndani ya hadithi yake.

SEHEMU YA PILI: PICHA INAVYOTEMBEA

Tulipokuwa watoto tuliamini kuwa watu wamo ndani ya mashine. Rafiki yangu mmoja alikwenda kuchungulia asubuhi yake, akitafuta farasi. Alikuta alama za magurudumu na mafuta ya dizeli.

Ukweli ni huu. Sinema ya zamani ni utepe mrefu wenye picha ndogo ndogo, moja baada ya nyingine. Kila picha imesimama. Lakini kila moja inatofautiana kidogo na iliyotangulia. Katika ya kwanza mguu uko chini, katika ya pili umeinuka kidogo, katika ya tatu umeinuka zaidi. Mashine huzipitisha picha hizo mbele ya taa, picha 24 kwa kila sekunde. Kati ya picha na picha taa huzibwa. Macho na akili yetu hayawahi kuona zile nafasi za giza. Huziunganisha picha, nasi tunaona mtu anatembea.

Sasa tupige hesabu. Sekunde moja ni picha 24. Dakika moja ina sekunde 60. Basi 24 mara 60 ni picha 1,440. Saa moja ina dakika 60. Basi 1,440 mara 60 ni picha 86,400. Na siku moja, mchana na usiku, ina sekunde ngapi? Ni hizo hizo 86,400. Sinema ya saa moja ina picha nyingi sawa na sekunde za siku nzima.

Utepe huo huharibika. Joto na unyevu ni adui zake wakubwa. Utepe wa aina moja, ukianza kuoza, hunuka kama siki. Sinema nyingi za zamani duniani zimepotea namna hiyo, kwa moto, kwa kuoza, au kwa kutupwa tu. Majumba nayo yamekwenda. Miaka ya 1980 video ziliingia, na Tanzania Bara ikaanza kuwa na televisheni mwaka 1994. Majumba mengi yakafungwa, yakawa maghala, maduka au makanisa.

Kwa hiyo mahali pengi kilichobaki ni vichwa vya watu. Je, kichwa nacho kinatunza vizuri?

SEHEMU YA TATU: IDD YA MWAKA 1968

Mimi nilizaliwa katika kambi ya mkonge, wilaya ya Muheza. Baba alikuwa mkata mkonge. Mama alilima kishamba chake nyuma ya kambi, na msimu wa kazi aliajiriwa kuanika singa. Mjomba wangu alikuwa kuli bandarini Tanga.

Sikukuu ya Idd, Desemba 1968, mjomba alituita mjini. Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya pilau akasema, "Dada, leo twendeni picha." Mama alikataa kwanza. Hakuwa na viatu vya kwendea. Mke wa mjomba akamwazima kandambili na khanga, tukaenda.

Nje ya sinema watu walikuwa wengi kama siku ya mnada. Tulikaa viti vya mbele kabisa, vya bei nafuu, shingo zimepinda kutazama juu. Sinema ilikuwa Mother India. Wahindi waliitoa mwaka 1957, na imeonyeshwa Afrika kwa miaka mingi sana. Maneno yake ni ya Kihindi. Nyuma yetu alikaa mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya yaya kwa Wahindi. Yeye alisikia Kihindi, akatueleza kwa sauti ya chini. Wengine wakamwambia, "Sema kwa nguvu, mama, na siye tusikie!"

Sisi watoto tulikuwa na sheria moja ya sinema: stelingi hafi. Adui atapiga, atafunga kamba, atatupa mtoni, lakini stelingi hafi. Mimi niliona mara moja kuwa stelingi ni Birju, yule mtoto mtundu anayekua na kuwa jambazi mwenye bunduki na farasi. Mwishoni Birju anamteka bibi harusi. Mama yake, Radha, anachukua bunduki na kumwambia aache. Birju haamini kuwa mama atapiga. Mama anapiga. Birju anakufa mikononi mwa mama yake.

Nililia mpaka nyumbani. Stelingi amekufa! Tena kauawa na mama yake!

Niliporudi kambini nilikuwa mtu mkubwa. Kila jioni watoto walinizunguka niwasimulie. Nilifyatua bunduki kwa mdomo. Nilipanda mti wa mkorosho ukawa farasi. Niliisimulia sinema ile pengine mara mia. Kila mara iliongezeka kidogo. Farasi mmoja wakawa kumi.

Kwa zaidi ya miaka arobaini, ukiniuliza Mother India inahusu nini, ningekujibu bila kusita: "Inahusu mama aliyempiga mwanawe risasi."

SEHEMU YA NNE: NILIPOIONA MARA YA PILI

Mwaka 2011 mwanangu alinunua diski ya Mother India, akasema, "Baba, sinema yako hii hapa." Tulikuwa nyumbani Muheza. Mama alikuwa bado hai, mzee, macho hafifu lakini akili nzima. Tukakaa wote mbele ya televisheni.

Nilingoja bunduki. Bunduki haikuja. Ilipita saa nzima na zaidi, bunduki haijaja. Badala yake niliona mambo ambayo sikuyakumbuka hata kidogo.

Niliona harusi ya Radha na Shamu. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa mkopeshaji wa kijiji, aitwaye Sukhilala, ili harusi ifane. Masharti ya mkopo yanagombaniwa. Wazee wa kijiji wanakaa barazani na kuamua kuwa mkopeshaji ana haki. Tangu siku hiyo, kila mavuno, robo tatu ya mazao inakwenda kwake kama riba. Deni lenyewe liko pale pale.

Niliona Shamu akivunjwa mikono na jiwe kubwa shambani, kisha anaondoka nyumbani kwa aibu, asirudi tena. Niliona Radha akivuta jembe kwa mwili wake mwenyewe. Niliona mafuriko. Niliona bangili za Radha zikienda rehani kwa mkopeshaji, na Birju akikua na uchungu wa bangili hizo. Na niliona madaftari. Kijijini pale mkopeshaji ndiye aliyeshika maandishi, nao watu hawakuweza kuyapinga.

Birju alikuwa jambazi kweli. Lakini ujambazi wake ulizaliwa ndani ya daftari lile. Mwishoni kabisa anayachoma madaftari hayo na kumwua mkopeshaji. Ndipo anapomteka bibi harusi, naye ni binti wa Sukhilala. Na ndipo mama yake anaposema hapana, kulipiza kisasi kwa heshima ya msichana si haki. Akapiga.

Mimi nilikumbuka dakika tano za mwisho. Saa mbili na nusu za kwanza nilikuwa nimezitupa.

Nikamgeukia mama. Nikamwuliza, "Mama, hivi wewe sinema hii uliikumbuka vipi miaka yote hii?"

Hakufikiri. Akasema, "Daftari."

"Daftari tu?"

"Daftari, mwanangu. We ulikuwa mdogo. Ulikuwa unatazama farasi."

Kisha akanieleza habari ambayo hakuwahi kunieleza. Wakati ule tulikopa unga na sukari na mafuta ya taa katika duka moja pale kambini. Mwenye duka aliandika kwenye daftari. Mama hakujua kusoma. Lakini hakuwa mjinga. Kila alipokopa, alichora mstari mmoja wa mkaa ukutani, nyuma ya mlango. Mwisho wa mwezi mmoja, mistari ilikuwa kumi na minne. Daftari likasema ishirini na mbili.

"Nikamwambia yule bwana, mie nina mistari kumi na minne. Akacheka. Akasema, huo ukuta wako umesoma shule gani? Watu waliokuwapo dukani nao wakacheka. Nikalipa."

Miezi michache baadaye akaenda Tanga, akaazimwa kandambili, akaingia sinema. Akamwona mwanamke wa India, hajui lugha yake, anagombana na daftari.

Kisomo kilipoanza chini ya mwembe wa kambi, mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Nilijua kuwa alisoma kisomo. Nilikuwa nikimsaidia kuandika herufi, na mara nyingine nilimcheka, Mungu anisamehe. Sikujua kwa nini alikwenda.

Nikamwuliza, "Basi sinema ndiyo iliyokupeleka kisomo?"

Akakataa. "Deni ndilo lililonipeleka. Sinema ilinionyesha kuwa siko peke yangu."

Siku alipoweza kusoma namba na majina ya bidhaa, alikwenda dukani, akaomba alione daftari. Mwenye duka akasema yuko na shughuli. Mama akasema atangoja. Akakaa juu ya gunia la chumvi mpaka adhuhuri. Daftari likaletwa. Tangu siku hiyo hesabu ya daftari na hesabu ya ukuta zikawa sawa. Lakini ile mistari minane ya zamani haikurudishwa kamwe.

SEHEMU YA TANO: KWA NINI TUNAKUMBUKA HIVYO?

Msomaji unaweza kuniuliza: je, ulikuwa mwongo miaka yote? Hapana. Kumbukumbu ndivyo ilivyo.

Watu wengi hudhani kuwa kichwa ni kama kabati. Umeweka kitu, utakikuta vile vile. Sivyo. Kila tunapokumbuka, tunaijenga upya habari, kama mtu anayekandika nyumba ya udongo upya kila mwaka. Mwaka 1932 mtaalamu wa Uingereza, Frederic Bartlett, alichapa kitabu juu ya jambo hili. Aliwapa watu hadithi ngeni waisome, kisha waisimulie baada ya muda. Kila waliposimulia, hadithi ilifupika. Mambo wasiyoyaelewa yaliachwa au yaligeuzwa yafanane na mambo wanayoyajua. Nami nilifanya hivyo hivyo. Mtoto wa miaka tisa hajui riba. Anajua farasi.

Jambo la pili: wataalamu wameona kuwa mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya umri wa miaka kumi hadi thelathini kuliko ya miaka mingine. Huo ndio wakati wa mambo mengi ya mara ya kwanza. Ndiyo maana zilipendwa zetu zote ni za ujana.

Jambo la tatu: tunachokitamani mara nyingi siyo sinema. Ni watu tuliokuwa nao. Ukinipa leo kiti cha mbele na shingo ya kupinda, nitakataa. Lakini mjomba akinunua karanga na kutugawia gizani, hilo nitalitamani mpaka nife. Mjomba hayupo. Kwa hiyo nasema naitamani sinema, na kumbe namtamani mjomba.

Basi kutamani ya kale si kosa. Kosa ni kuyatamani bila kuyauliza maswali. Wapo wanaosema, "Zamani mambo yalikuwa mazuri." Waulize: mazuri kwa nani? Idd ile kwangu ilikuwa farasi na karanga. Kwa mama ilikuwa kandambili ya kuazima na deni la mistari minane. Siku ni hiyo hiyo na kiti ni hicho hicho.

SEHEMU YA SITA: ANDIKA KABLA HAIJAPOTEA

Mama alifariki mwaka 2016. Habari ya daftari nilikuwa nimeiandika, kwa bahati tu, nyuma ya kalenda. Mambo mengine sikuandika. Yule yaya aliyetufasiria Kihindi, mama alimjua jina. Alilitaja usiku ule wa mwaka 2011. Nimelisahau. Sasa hakuna wa kumwuliza.

Wewe uliyehitimu kisomo unayo kalamu. Fuata hatua hizi:

1. Chagua jambo moja. Usiseme, "Bibi, nieleze maisha yako." Sema, "Bibi, sinema ya kwanza uliiona wapi?" Swali dogo hufungua mlango mkubwa.

2. Uliza watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote.

3. Usimkosoe mzee. Akisema farasi kumi, andika kumi. Mwingine akisema mmoja, andika mmoja. Tofauti zao ndizo zenye mafunzo.

4. Uliza mambo ya pembeni. Nani alikupeleka? Ulivaa nini? Nauli ilitoka wapi? Nani hakuruhusiwa kwenda? Nani alibaki nyumbani na mtoto?

5. Andika jina la msemaji, mahali na tarehe. Maandishi yasiyo na tarehe ni kama barua isiyo na anwani. Kama una simu inayonasa sauti, nasa pia, lakini andika vile vile. Simu huibiwa na huharibika.

6. Msomee ulichoandika. Yeye ndiye mwenye habari. Akisema, "Hapo sivyo," sahihisha mbele yake.

7. Tunza daftari mahali pakavu, mbali na moshi na mchwa.

Na neno la mwisho juu ya daftari lile jingine. Sukhilala hajafa. Siku hizi ameingia hata ndani ya simu. Mtu hubonyeza kukubali mkopo bila kusoma riba ni kiasi gani na siku ya kulipa ni lini. Kabla ya kutia sahihi, dole gumba au kubonyeza kitufe, soma. Usipoelewa, uliza. Ukiwa na haraka, ngoja. Mama yangu alingoja juu ya gunia la chumvi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Stelingi: mtu mkuu katika sinema, yule ambaye watazamaji wako upande wake.
Riba: malipo ya ziada anayotoza mkopeshaji juu ya fedha alizokopesha.
Rehani: mali inayowekwa kwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe.
Utepe: kitu kirefu chembamba, hapa ni ukanda wenye picha za sinema.
Singa: nyuzi za mkonge.
Kufasiri: kueleza maneno ya lugha moja kwa lugha nyingine.

HESABU

1. Mashine hupitisha picha 24 kwa sekunde. Sinema ya dakika 10 ina picha ngapi?
2. Radha akivuna magunia 20, mkopeshaji huchukua robo tatu. Anabakiwa na magunia mangapi? Kama sharti lingekuwa robo moja, angebakiwa na mangapi?
3. Mistari ya mkaa ilikuwa 14. Daftari lilisema 22. Kama kila mkopo ulikuwa shilingi 2, mama alilipa shilingi ngapi zaidi?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, stelingi wa Mother India ni Birju au ni Radha? Toa sababu zako.
2. Mama mmoja alifasiri sinema kwa watu wote. Katika kijiji chenu nani anawafasiria wengine mambo wasiyoyaelewa? Je, anafasiri yote?
3. Taja jambo moja la zamani unalolitamani. Kisha mwulize mtu mwingine aliyekuwapo analikumbuka vipi. Mlitofautiana wapi?

Majibu ya hesabu: (1) 14,400. (2) Magunia 5, magunia 15. (3) Shilingi 16.